Picha ya Pili ya Mama Giza

Wifi yangu tunamwita Mama Giza. Jina nimempa mimi, akalikubali, na siku hizi hata kazini kwake wanalitumia. Huyu mke wa kaka yangu hawezi kuona mwanya wa mlango akaupita bila kuuziba. Ukimtembelea mchana kweupe utakuta mapazia yamefungwa, matundu ya funguo yamezibwa kwa utepe mweusi, na ile taa ndogo ya ndani ya friji ilishang'olewa zamani. Mgeni wa mara ya kwanza huingia akinyata, akidhani nyumba ina mgonjwa. Kumbe mwenye nyumba ni mzima wa afya, yuko chumba cha nyuma amepiga magoti mbele ya sanduku, anatafuta mwanga unaingilia wapi.

Kazi yake nitaieleza kama nilivyoielewa, na nikikosea lawama ni zake, kwa sababu hupenda kunieleza akiwa na chakula mdomoni. Anatengeneza vyombo vya kuona ndani ya chuma. Eksirei, anasema, ni nzuri kwa mifupa, ila mbele ya chuma kinene inachoka. Yeye anatumia chembe zinazoitwa nyutroni, tena zile zenye kasi. Hizo chuma zinakipita kama mgeni asiyejua kusalimia. Zikikuta kitu chepesi, maji, mafuta, plastiki au baruti, ndipo zinapokwama kwa maongezi. Basi ukiweka mtambo wa nyutroni upande mmoja wa chuma na paneli ya Mama Giza upande wa pili, palipo na kitu chepesi patatoka peusi kwenye picha, na palipo patupu patang'aa. Hiyo ndiyo elimu yote. Mengine ni miaka ya kuumwa mgongo.

Kaka yangu naye anaondoa mabomu ya zamani, yale yaliyobaki ardhini baada ya vita ambavyo nyumbani kwetu hakuna aliyeviona. Wakulima huyakuta, wachimba mitaro huyakuta, naye huitwa. Akitoka nyumbani husema "naenda kazini" kwa sauti ya karani wa benki. Mama yetu haulizi kitu, ila siku hiyo atafagia uwanja mpaka ardhi ichoke.

Chombo cha kwanza cha wifi kilikuwa palepale kwenye taasisi anapofanya kazi, na kilijaza chumba kizima chenye kuta nene za zege. Mwaka wao wa kwanza wa ndoa alikuwa akikisifia mezani, jinsi kinavyoweza kutofautisha bomu lililojaa na tupu, maana mengine yalitengenezwa kwa mazoezi tu na ndani hayana kitu. Kaka akamsikiliza vizuri, akameza tonge, akauliza, "Sasa mke wangu, bomu ambalo sijui kama limejaa, nitalibebaje kulileta kwenye mashine ya kuniambia kama limejaa?"

Sisi wengine tulicheka. Wifi hakucheka. Aliweka kijiko chini, akamtazama mumewe kama mtu anayemwona mara ya kwanza, na chakula chake kikapoa pale pale. Kesho yake akaanza kutafuta namna ya kukifanya chombo kile kiwe cha kubebwa na mtu mmoja.

Usione vyaelea, vimeundwa. Cha kubebwa cha kwanza kilibebwa na wanaume wanne, na wa nne alilalamika. Cha pili kilikuwa chepesi lakini kilivuja mwanga kama paa bovu linavyovuja mvua. Hapo ndipo ilipo shida yote. Ndani ya paneli, lile sanduku lake, mna bamba jeupe la plastiki iliyoyeyushwa pamoja na unga fulani, na nyutroni ikiligonga linatoa mwanga kidogo. Nikisema kidogo, kimulimuli pembeni yake ni taa ya uwanja wa mpira. Kamera iliyo ndani ya sanduku inakaa kimya gizani na kuukusanya mwanga huo tone kwa tone, mpaka picha itimie. Mwanga mwingine wowote ukiingia, kazi imeharibika.

Mimi ni fundi cherehani, kwa hiyo nililetewa kazi ya kushona koti la sanduku. Nilidhani ni ya nusu saa. Nikamletea kitambaa cheusi cha suti, akakikataa. Nikamletea cha mapazia ya hoteli, akakikataa. Cha tatu alikikataa kabla sijakikunjua.

"Wifi," nikamwambia, "mchagua jembe si mkulima."

"Na fundi asiyepima je?"

Siku hiyo nilimfuata chumbani nikamkuta ameketi ndani ya kabati la nguo, magoti yamegusa kidevu. Akaniambia nifunge mlango, nitundike kitambaa kwenye mwanya, nikae nje na tochi. Nikakaa. Muda ukapita, mume wake akaingia kutafuta soksi, akanikuta mimi nalimulika kabati.

"Mke wangu yuko wapi?"

"Kabatini," nikasema.

Akasimama akifikiri. "Mmegombana?"

Sauti ikatoka ndani ya kabati. "Nyamazeni, nazoesha macho."

Hatimaye tulipata kitambaa, tukakishona tabaka mbili, mishono haikutani, na zipu nikaifunika kwa ulimi mpana. Nilijivunia koti lile kuliko nguo ya bibi harusi yeyote niliyewahi kumshonea. Sanduku likawa na mpini wa begani. Mtambo wa nyutroni wenyewe, bomba refu la unene wa paja, ukawa na mkoba wake. Mtu mmoja, safari mbili, kazi imekwisha. Ikabaki kuitwa.

Tukaitwa. Kulikuwa na zahanati ya wazazi ikijengewa wodi mpya, na wachimba msingi wakagonga chuma. Si kidogo, ni bomu la mzinga lenye urefu wa mkono mzima, limelala kwenye udongo hatua chache kutoka ukuta wa wodi ya zamani. Wazazi wakahamishiwa kwenye madarasa ya shule iliyo mbali kidogo, pamoja na vitoto vyao, vingine vya jana na juzi. Mkubwa wa kaka, tunayemwita Afande kama wote wanavyomwita, alitaka wanawake wale warudi vitandani haraka. Hakuna wa kumlaumu.

Mimi nilikuwepo kwa sababu ya mshono. Asubuhi, wakipakia sanduku garini, ule ulimi wa zipu ulinasa kwenye bawaba ukachanika, na wifi akanipakia na mimi na sindano yangu. Nilishona njiani, gari likirukaruka, nikajichoma vidole mpaka nikachoka kulaani. Tulipofika barabara ikafungwa nyuma yetu, kwa hiyo nikabaki kwenye hema lao, mbali na shimo, nyuma ya maghala ya matofali. Ndani mlikuwa na meza, kompyuta, nyaya zinazokwenda mpaka shimoni, Afande, wifi na mimi. Kaka ndiye aliyevaa lile vazi zito akapeleka mtambo, akarudi, akachukua paneli, akapotelea nyuma ya lori la mchanga, kisha tukamwona tena anashuka shimoni. Alipanga kila kitu kama alivyofundishwa na mkewe, akarudi hemani, akavua kofia. Jasho lilikuwa linamtiririka shingoni.

Mambo yalikuwa mawili, na kila mtu aliyajua. Bomu likiwa limejaa, haliinuliwi kwa mkono: litafungwa ndoano, litazungushiwa viroba vya mchanga, na litavutwa kwa kamba kutoka mbali, kazi ya siku nzima. Likiwa tupu, kaka anashuka, analiinua kwa mikono yake, analilaza juu ya mchanga kwenye lori, na wazazi wanarudi kabla ya chakula cha mchana.

Wifi akawasha mtambo. Hakuna kilicholia wala kuwaka. Kwenye meza namba zilianza kupanda tu. Tukakaa muda wa kuchemsha maharage yakaiva nusu. Kisha picha ikaanza kujichora kwenye kompyuta, ikiwa na mawimbimawimbi kwanza, halafu ikatulia.

Lilikuwa bomu. Hata mimi nililiona: kingo mbili nene za chuma, za kijivu, na pua yake. Na katikati, kutoka mkiani mpaka puani, paling'aa.

"Tupu," akasema Afande. Alishusha pumzi ambayo nadhani aliibana tangu juzi. "Mwenye macho haambiwi tazama. Hongera, shemeji."

Wifi alinikumbatia mpaka mbavu zikanilia. Miaka yote ile, na picha ya kwanza ya kazini imetoka safi namna ile, tena imeleta habari njema. Na mimi nilifurahi, kwa nini nisifurahi. Kaka alicheka, akaanza kuvaa glovu.

Nikiwa bado nimemshika wifi, nikausikia mwili wake umebadilika. Ulikuwa laini ukawa mgumu. Akaniachia, akarudi kwenye kompyuta, akawa anasogeza kishale kwenye picha, hapa na pale, akisoma namba. Ndani ya bomu. Nje ya bomu. Ndani tena.

"Subiri," akasema.

Kaka alikuwa na glovu moja. "Nini tena?"

"Ndani ya bomu pana mwanga kuliko nje."

Afande akakuna kichwa. "Si ndiyo maana yake ni tupu?"

"Tupu ndani ya chuma, Afande. Hata likiwa tupu, chuma chenyewe lazima kipunguze kidogo. Nje ni hewa tu. Hakuna kitu kinachoweza kuwa cheupe kuliko hewa." Akageuka kwa mumewe. "Kaa kwanza. Nataka kupiga picha nyingine."

"Tumeshaiona moja, mke wangu. Kuna watu wanasubiri na watoto wachanga kwenye sakafu ya shule."

"Baba Watoto, kaa."

Sijawahi kumsikia akimwita hivyo mbele za watu. Kaka hakukaa, lakini hakutoka. Afande alitazama saa yake, akatazama paa la hema, akanyamaza. Namshukuru mpaka leo kwa kunyamaza kule.

Wifi akazima mtambo. Nyutroni hakuna, kwa hiyo picha ilipaswa kutoka nyeusi tii, kama ile aliyoipiga asubuhi kabla hatujaondoka ili kuhakikisha sanduku halivuji. Akaiamuru kamera ianze. Tukasubiri. Mimi nilikuwa naukodolea macho mshono wangu kwa mbali kana kwamba ningeuona kutoka pale, nikiomba isiwe ni sindano yangu.

Picha ikaja. Kingo za bomu hazikuwepo, pua haikuwepo, bomu zima lilikuwa limetoweka. Lakini ule mng'ao wa katikati ulikuwepo, umelala peke yake gizani kama mkeka usio na mtu.

Hata mimi nilielewa. Tulichokiona hakikuwa ndani ya bomu. Kilikuwa ndani ya paneli.

"Bamba limeona jua," wifi akasema polepole. "Likiona jua linaendelea kung'aa lenyewe kwa saa kadhaa. Nani amelifungua?"

Kaka akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mimi."

"Wapi?"

"Nyuma ya lori. Nimefungua zipu nusu, nikachungulia, nikafunga. Si unajua kazi yetu. Sanduku ambalo hujaliona ndani, hulibebi kwenda shimoni. Hata likiwa la mke wako. Hasa likiwa la mke wako, ukiniuliza mimi."

"Ukachungulia juani?"

"Sasa ningechungulia gizani ningeona nini?"

Afande alikohoa ili asicheke, na mimi nilitaka kulia. Zipu imefunguliwa nusu, jua limeingia kwa ufa mmoja mrefu, likachora mstari katikati ya bamba, na mstari ule ukaangukia pale pale tumbo la bomu lilipokuja kulala. Kaka hakufanya uzembe. Alifuata sheria iliyomweka hai miaka yote hiyo, na sheria hiyo ikagongana na ya mkewe. Nilitazama ile glovu moja aliyoivaa. Nyingine ilikuwa bado mezani.

Nilidhani Mama Giza atamgombeza. Mimi aliwahi kunifukuza chumbani kwa kuwasha simu. Hakumgombeza. Alivuta kiti akakiweka nyuma ya magoti ya mumewe, akamkalisha kwa mkono begani, akabaki amelishikilia bega lile.

"Tunasubiri lilale," akasema.

Tukasubiri bamba lilale. Kila mara alipiga picha bila mtambo, na kila mara ule mstari ulizidi kufifia. Mkunga mmoja alikuja mpaka kwenye utepe wa kuzuia watu, akauliza kwa ishara kama bado, Afande akamwashiria kwamba bado. Jua likawa kali, hema likawa jiko. Kaka alikaa akifungua na kukunja vidole. Mara moja tu alimwuliza mkewe, "Na kama likitoka tupu kweli?"

"Nitakuomba radhi mbele ya Afande."

Picha ilipotoka nyeusi tii, bila doa, akawasha mtambo. Maharage mengine yakaiva nusu. Bomu likarudi kwenye kompyuta, kingo zake mbili, pua yake. Safari hii tumbo lilikuwa jeusi kutoka mkiani mpaka shingoni, jeusi la kushiba.

Lilikuwa limejaa. Afande alichukua simu yake ya upepo, akaagiza viroba na kamba. Kaka alivua ile glovu, akaiweka juu ya mwenzake.

Kujenga ukuta wa viroba kulichukua mchana uliobaki. Kaka na wenzake walishuka na kupanda, walifunga ndoano kwa adabu, na mwishoni kila mtu akarudi nyuma ya maghala, mtu wa winchi akiwa mbali zaidi. Nilimsikia Afande akihesabu kwa midomo. Winchi ikakaza kamba. Kamba ilinyooka, ikatetemeka, bomu likasogea kiasi cha upana wa kiganja.

Likalipuka.

Sijui nieleze vipi sauti ile. Niliisikia zaidi kwa meno kuliko kwa masikio. Udongo ulipanda juu ukachelewa kushuka. Madirisha yote ya zahanati yalivunjika, na msingi mpya haukutambulika tena. Mtu hata mmoja hakukwaruzwa. Vumbi lilipoanza kutulia tukasikia kutoka shule vitoto vyote vinalia kwa pamoja, na sijawahi kusikia kelele nzuri kama ile. Wifi aliketi chini kwenye mchanga akacheka na kulia, vyote viwili, na mimi nikakaa pembeni yake kumsaidia yote mawili.

Kaka alikuwa amesimama. Aliangalia shimo. Afande akampiga begani, akamwambia, "Umeligusa kwa kamba tu, bwana. Kwa kamba tu."

Kaka akaitikia kwa kichwa.

Tulirudi nyumbani jua likikaribia kuzama. Mlipuko ulikuwa umesikika mpaka mtaani kwetu. Mama alikuwa mlangoni, ufagio mkononi, na uwanja ulikuwa umefagiwa kuliko uwanja wowote duniani. Hakukimbia. Alimsubiri kaka amfikie, akauweka ufagio ukutani, akamshika mikono yote miwili na kuvipitia vidole kimoja kimoja mpaka vikaisha. Ndipo alipouliza, "Kazi ilikuwaje?"

Siku zote kaka hujibu "nzuri, mama". Alifungua mdomo, jibu likakataa kutoka.

"Lilijaa, mama," wifi akajibu badala yake. "Picha ya kwanza ilisema tupu. Nikapiga ya pili."

Mama hajui nyutroni wala bamba, na hajawahi kuuliza. Lakini hilo alilielewa. Alimtazama mkwewe, huku bado ameishika ile mikono.

"Ya pili," akasema. "Basi kuanzia kesho, mwanangu, uwe unapiga tatu."

Tulicheka sote, hata wifi ambaye macho yake yalikuwa bado mekundu. Kaka naye alianza kucheka na sisi, kicheko kikamgeuka njiani. Akainamisha paji la uso kwenye bega la mama na kulia kwa sauti, mtu mzima, kweupe, mlango wazi. Hakuna aliyemwambia anyamaze. Jirani alichungulia juu ya ukuta, na Mama Giza akamwashiria kwamba kila kitu ni salama, aendelee tu kutazama.